Daftari la Mwalimu Wetu
(Maneno ya mlezi wa kwaya katika jubilei ya miaka 40)



Baba Paroko, wazee wetu, ndugu wa kwaya jirani mliovuka feri kuja kwetu Likoni, na nyinyi wanakwaya wenzangu, karibuni. Kamati imenipa dakika kumi. Mwenyekiti ananijua, ndiyo sababu ameketi mahali ninapomwona.

Mwezi uliopita, baada ya mazoezi ya Jumamosi, kijana wetu mmoja wa teno alitusikilizisha wimbo kwenye simu yake. Maneno ya jubilei yetu aliyaandika yeye mwenyewe. Muziki ulitungwa na programu ya akili bandia, hii ambayo ndugu zetu Watanzania huiita akili mnemba. Alisema haikuchukua muda wa kuchemsha chai. Kinanda kilikuwepo, soprano wanapanda, besi wanajibu. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nikauliza, "Hao besi ni kina nani?" Kijana akacheka. "Hakuna mtu, mwalimu."

Sikumkemea, wala leo simkemei. Lakini usiku ule sikulala mapema. Besi wale wasiokuwepo walijifunza kwa besi waliokuwepo, maana programu hizi hulishwa rekodi nyingi za watu hadi zijue sauti hufuatana vipi. Ndiyo maana mwezi Juni 2024 kampuni za Universal, Sony na Warner zilizishtaki Suno na Udio kule Marekani, zikidai kwamba rekodi zao zimetumiwa bila ruhusa. Kufikia Novemba 2025 Universal ilikuwa imepatana na Udio, na Warner imepatana na zote mbili. Walioketi mezani ni wale wenye hati mkononi. Sasa kwaya ya Likoni iliyoweka wimbo mtandaoni bila jina la mtunzi, siku ikisikia wimbo wake unatoka kwenye mashine, itakwenda kudai na nini?

Hapa kwetu jambo hili ni la zamani kuliko simu. Wimbo wa Malaika umeimbwa na Miriam Makeba, ukaimbwa na Boney M. Fadhili William aliurekodi na kujiita mtunzi, Grant Charo naye akasema ni wake, na mpaka leo mabishano hayajaisha. Jambo Bwana ni habari nyingine. Them Mushrooms, vijana wa papa hapa pwani, waliutoa mwaka 1982, Boney M wakaurekodi mwaka uliofuata, na ukiuliza nani katunga unajibiwa mara moja: Teddy Kalanda Harrison.

Kabla hatujainyoshea mashine kidole, nina la kuungama. Miaka yote hii tumekuwa tukiimba nyimbo za watunzi wa Tanzania kwa fotokopi ya fotokopi. Karatasi ilikuwa ghali, kwa hiyo tulikata sehemu ya juu ili nyimbo mbili zienee ukurasa mmoja. Sehemu ile ya juu ndiyo iliyokuwa na jina la mtunzi. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inampa mtunzi haki ya kutajwa kuwa ndiye aliyetunga, na sisi tukampunguza kwa mkasi. Mkono ulioshika mkasi ni huu.

Na nyumbani tulifanya vivyo hivyo. Marehemu mwalimu wetu wa kwanza alituachia daftari lenye nyimbo 31 kwa solfa, kwa penseli. Tuliporekodi kaseti mwaka 1994 tukaandika kwenye jalada jina la kwaya, basi. Yeye alikuwa hai na hakusema neno. Tukachukua kimya chake kuwa ruhusa.

Mwaka jana, kwenye misa ya kumwombea, binti yake alinijia na wanawe wawili. "Mwalimu, zile nyimbo zinazoimbwa kanisani, za babu yao ni zipi?" Hakuja kudai pesa. Alitaka watoto wajue wimbo ukianza kwamba huo ni wa kwao. Nikafungua daftari. Nyimbo 20 nilimwonyesha bila wasiwasi. Zile 11 nilishindwa, kwa sababu nyingine alizinakili kwa watu na nyingine alitunga na wenzake. Haki ya mtunzi Kenya hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo kama wimbo ni wake, sasa ni wa binti huyu na ndugu zake. Tena haki hiyo haingoji cheti, wimbo ukishaandikwa au kurekodiwa ipo. Kusajili kwa Bodi ya Hakimiliki ni ushahidi tu, lakini ni ushahidi ambao sisi hatuna hata mmoja.

Kuhusu wimbo wa yule kijana: mimi nilipinga usiimbwe leo, nikashindwa kwa kura. Sawa. Mtausikia baada ya chakula, kwa sauti zetu wenyewe, na kwenye ratiba mtaona imeandikwa kwamba maneno ni yake na muziki umetungwa na programu. Sheria yetu inasema mtunzi wa kazi iliyotengenezwa na kompyuta ni yule aliyefanya mipango ya kuifanikisha. Haya basi, jina lake tumeliweka.

Kwa daftari la mwalimu, nakala iko mezani karibu na mlango wa ukumbi, na kalamu iko. Binti yake ameketi palepale. Kabla ya kusajili chochote tunataka wazee mliokuwepo mpitie zile 11. Wimbo wa 14, ule wa matoleo, nadhani alitunga pamoja na mama mmoja wa Mtongwe aliyekuwa alto, jina limenitoka. Anayemkumbuka aandike hapo, au anishike mkono kabla hajapanda matatu.