Tupumue kwanza, kisha tuzungumze mashamba
Maneno ya wajumbe wa afya katika mkutano wa wanachama



Tulipewa dakika kumi tu, basi tunaingia moja kwa moja. Sisi wote tunajua mkutano wetu unavyobadilika tukifika kwenye maneno ya mashamba. Mtu alivuka ziwa wakati wa vita ya 1996, akakaa Nyarugusu ao Lugufu miaka na miaka. Amerudia, anakuta mwenzake amejenga pale baba yake alipokuwa analima. Huyu ana haki ya kudai. Yule aliyebakia naye ana maneno yake. Lakini moyo ukianza kupiga mbio na mikono kutetemeka, hakuna tena anayesikiliza. Tusi moja linatoka, na kesi ambayo wazee wangeimaliza siku moja inalala miezi.

Juu ya hiyo njo tunaleta jambo la pumzi.

Mtu akikasirika ao akiogopa, anapumua juu juu, haraka haraka. Mwili unajitayarisha kupigana ao kukimbia. Sisi tuliokimbia tunaijua hiyo, na siku ile ilituokoa. Shida ni kwamba mwili haujui kama sasa tuko kwenye mkutano. Neno kali tu, unarudia palepale. Moyo hatuwezi kuuamuru upige polepole, lakini pumzi tunaweza kuipimia. Na moyo unaifuata: tukivuta hewa unaongeza mwendo kidogo, tukiitoa unapunguza. Hata lugha yetu inalijua jambo hili, maana pumzi na kupumzika ni ndugu.

Watu wa India wamefundishana hayo tangu zamani. Ndani ya yoga yao kuna mazoezi ya pumzi yanayoitwa pranayama, na namna moja wanaiita sama vritti. «Sama» maana yake ni sawasawa: kuvuta na kutoa vinakuwa na urefu mmoja. Ni kama mtumbwi wenye wapiga kasia wawili: upande mmoja ukivuta kuliko mwingine, mtumbwi unazunguka tu, haufiki.

Tunafanya hivi. Kaa kwenye kiti ao kwenye mkeka, mgongo wima bila kuukaza, mabega chini. Funga mdomo, pumua kwa pua. Vuta hewa ukihesabu moyoni: moja, mbili, tatu, ine. Tumbo livimbe kidogo. Toa ukihesabu vilevile: moja, mbili, tatu, ine. Usisukume, na usizuie pumzi katikati. Kama ine inakuchokesha, chukua tatu. Ukihesabu kwa mwendo wa sekunde, zitakuwa pumzi saba ao nane kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida anapumua mara 12 mpaka 20. Dakika tatu zinatosha kwa kuanza.

Akili itatoroka, itaenda kwenye deni ao kwa mtoto mgonjwa. Usiigombeze. Irudishe kwenye moja. Hiyo kurudisha-rudisha njo kazi yenyewe, ndiyo inayozoeza akili kushika jambo moja mpaka mwisho.

Sasa angalisho. Ukisikia kizunguzungu, acha, pumua kama kawaida. Mwenye pumu, mwenye ugonjwa wa moyo na mama mwenye mimba waende polepole zaidi, na kwanza waulize muganga kwenye kituo cha afya. Kuko pia watu ambao wakifunga macho, mambo ya vita yanawarudilia. Ndugu, usifunge macho. Angalia mlango, sikia miguu yako chini, na kama haikufai, acha bila haya. Na yule ambaye usingizi umemkimbia kwa majuma mengi, pumzi peke yake haitoshi. Aende kwa muganga; tutamsindikiza.

Wengine wametuuliza: hiyo si sala ya dini nyingine? Ni kweli, kule India yoga imeshikana na mambo ya ibada kwa watu wengi. Sisi hapa tunachukua hesabu ya pumzi tu: hakuna jina la kuita, hakuna sanamu. Hata hivyo, mwenye dhamiri yake inakataa akae kimya tu dakika hizo. Hatutamuuliza kitu.

Tuseme pia wazi: pumzi hairudishi shamba. Mtu asije akaambiwa «pumua» ili anyamazishwe. Mwenye kudai atadai, mashahidi watasema, wazee wataenda kuona mipaka. Tunachotafuta ni kwamba anayedai aseme maneno yake yote bila kupoteza hata moja kwa hasira, na anayejibu amsikie mpaka mwisho.

Ombi letu kwenu ni hili: kwa mikutano mitatu inayokuja, mbele ya kufungua maneno ya mashamba, tupumue pamoja dakika tatu, walalamikaji, wazee na komite pia. Kisha ninyi wenyewe mtasema kama iendelee ao iachwe. Nyumbani, jaribuni asubuhi mbele ya kazi na usiku mbele ya kulala.

Sasa tukae vizuri, tuanze pamoja: moja...