Pilipili za Uani: Mche Mgonjwa Usionewe Huruma

Matini ya mazungumzo kuhusu bustani za nyumbani, Kata ya Mbuba



Mkoani Kagera hakuna mwenye migomba asiyelijua neno mnyauko. Tangu ugonjwa huo ulipobainika mkoani mwaka 2006, kaya nyingi zimejifunza kwa uchungu kwamba mgomba unaougua huondolewa mapema, na panga hutakaswa kwa moto au kwa jiki kabla ya kugusa mgomba mwingine. Somo hilo halijafika vema kwenye bustani za uani. Huko mche wa pilipili ukinyauka, mwenyewe huumwagilia, husubiri, kisha huumwagilia tena.

Pilipili nayo ina mnyauko wake, uletwao na bakteria tofauti na wale wa migomba. Mche hulegea mchana ungali na majani mabichi, usiku hujirudi kidogo, na baada ya siku chache hufa. Kuutambua hakuhitaji maabara. Shina hukatwa karibu na ardhi, na kipande chake kikaning'inizwa ndani ya glasi ya maji safi bila kutikiswa. Ukitoka uzi mweupe kama maziwa, ndio wenyewe. Hauna dawa. Mche ung'olewe na mizizi yake, uchomwe, wala usitupwe kwenye shimo la mboji. Jembe nalo lioshwe. Mahali hapo pasioteshwe tena pilipili, nyanya, bilinganya, mnavu wala viazi mviringo, maana mimea hiyo ni ya ukoo mmoja na huambukizana. Kwa misimu kadhaa papandwe mahindi. Wenye uani mdogo watasema hawana nafasi ya kubadilisha mazao, nao wana haki. Kwao ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, yenye udongo kutoka mahali pengine, ni afadhali kuliko kurudia shimo lile lile.

Adui mwingine ni majani kujikunja. Vidukari na inzi weupe hufyonza utomvu, na baadhi yao hubeba virusi. Mche uliojikunja kwa sababu ya wadudu pekee huchipua vizuri wakiondolewa. Wenye virusi, ambao majani yake huwa pia na mabaka ya manjano, haurudi, nao hung'olewa. Pa kukagua ni chini ya jani, kila baada ya siku mbili tatu. Wadudu wakiwa wachache, maji yenye sabuni kidogo, yakipulizwa jioni upande huo wa chini, hutosha.

Hapo ndipo penye hatari kubwa. Wapo wanaochukua kiuatilifu kilichobaki shambani kwenye kahawa wakakipuliza uani, na kesho yake pilipili hiyo hiyo ikakatwa mbichi juu ya maharage ya watoto. Lebo hutaja zao linaloruhusiwa na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kisicho na lebo, au kilichopimwa katika chupa ya soda, kisinunuliwe. Na hata chenye lebo kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA).

Kinga huanzia kitaluni. Mbegu zikisiwa Agosti na kumwagiliwa, miche huwa tayari kwa mvua za vuli, ikiwa na kimo cha sentimita 10 hadi 15. Ipandikizwe jioni, juu ya tuta lisilotuamisha maji, kwa nafasi ya sentimita 45 kati ya mche na mche na 60 kati ya mistari, pamoja na samadi iliyooza kabisa. Kivuli kizito cha migomba hakiifai. Pilipili kichaa inayojiotea chini ya miti hupandwa na ndege, ambao hawausikii ukali wake. Kuku basi nao hawataogopa bustani, na uzio ni wa lazima.

Mavuno ya kwanza hupatikana takriban miezi mitatu baada ya kupandikiza. Zikichumwa mara kwa mara, mche huendelea kuzaa. Mwenye mche asiouelewa asiubebe mkononi akipita bustani za jirani. Amwite afisa ugani wa kata auone pale ulipo.