Mbolea Ibaki Shambani, Maji Yabaki Salama

Maelezo ya Idara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi mbele ya Baraza la Madiwani, watendaji wa kata na wawakilishi wa wakulima, kuelekea msimu mpya wa kilimo. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wananchi wote wa Halmashauri yetu.

Nimeombwa nizungumzie usalama wa maji ya ziwa letu, ilhali mimi ni mtumishi wa kilimo. Huenda baadhi yenu mnajiuliza kwa nini hoja hii haikuachiwa wenzetu wa RUWASA au wa Bodi ya Maji ya Bonde. Jibu langu ni fupi: maji ya ziwa huanza kuharibika yakiwa bado juu ya shamba la mahindi. Yakishafika kwenye bomba, kazi iliyobaki ni ya gharama kubwa na mafanikio yake ni haba.

Kila mmoja wetu ameuona mto baada ya mvua kubwa za mwanzo wa msimu. Maji huwa mazito, yenye rangi ya chai ya maziwa, nasi husimama darajani tukasema mvua imenyesha vyema. Lakini kinachopita chini ya daraja lile ni shamba la mtu. Ni tabaka la juu la udongo wake, samadi yake, na sehemu ya mbolea aliyoinunua kwa fedha ya pamba au kwa kuuza mbuzi.

Fosforasi ni nini, na huondokaje

Katika mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP mna takriban kilo 10 za fosforasi halisi. Kirutubisho hiki ndicho kinachoujenga mzizi wa mche na kuusaidia muhindi kukomaa kwa wakati. Tabia yake si ile ya naitrojeni iliyomo katika urea. Naitrojeni huyeyuka na kushuka ardhini pamoja na maji. Fosforasi hushikamana na chembechembe za udongo, hasa udongo mwekundu wenye chuma kingi, ikakaa papo hapo karibu na uso wa ardhi.

Kwa sababu hiyo, fosforasi iliyofukiwa vizuri haina haraka ya kuondoka. Huondoka pale udongo unaoibeba unapoondoka. Iliyoachwa juu ya ardhi, iwe ya dukani au ya samadi, huyeyuka kwa mvua ya kwanza na kutiririka moja kwa moja.

Naomba tufanye hesabu moja ndogo. Mvua ikiondoa milimita moja tu ya udongo, unene usiozidi wa ukucha, katika ekari moja, huwa imechukua takriban tani 5. Kwa jicho hutaona tofauti yoyote shambani. Endapo udongo huo una nusu gramu ya fosforasi katika kila kilo, basi kilo mbili na nusu zimekwenda, sawa na robo ya fosforasi iliyomo katika mfuko mmoja wa DAP. Na milimita moja ni hasara ya mkulima mwenye bahati. Penye mteremko usio na kinga, mvua kali chache hufanya kazi hiyo na kuizidi.

Kinachotokea ziwani

Kinachokuwa uhaba kwa mahindi huwa ni shibe iliyopindukia kwa ziwa. Gramu moja ya fosforasi ikichanganyika na lita 30,000 za maji, yaani matangi matatu ya lita 10,000, inatosha kuyafanya maji hayo yawe mazingira mema kwa mwani kuzaliana. Mwani ukizidi, maji hugeuka kijani na kutoa harufu. Unapokufa na kuoza, hewa ya oksijeni iliyomo majini hutumika, na samaki wa chini hukosa pumzi. Magugu maji, ambayo wengi wetu tunakumbuka jinsi yalivyoziba mialo yetu katika miaka ya 1990, nayo hustawi kwa chakula hichohicho.

Ziwa Victoria lina udhaifu wa kimaumbile. Ni pana, takriban kilometa za mraba 68,800, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu. Maji yake mengi huingia kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mengi huondoka kwa mvuke. Mto unaotoka ni mmoja tu, Nile, kule Jinja. Mvuke huchukua maji na kuiacha fosforasi. Kwa hiyo tunachokiingiza leo watakikuta watoto wetu, na ghuba zetu, zenye maji machache yasiyobadilika upesi, ndizo zinazoumia kwanza.

Si haki kumtwika mkulima mzigo wote. Majitaka ya miji yana sehemu yake. Hata hewa ina sehemu yake: utafiti uliofanywa ziwani umeonyesha kuwa fosforasi nyingi huingia kwa vumbi na majivu yanayoanguka na mvua. Lakini vumbi hilo na majivu hayo hutoka wapi, kama si katika ardhi iliyo wazi na mashamba tunayoyachoma moto kabla ya kulima?

Jambo la afya ambalo kila kaya ilijue

Baadhi ya viumbe wa kijani wanaoelea majini hutengeneza sumu inayodhuru ini. Mwezi Agosti mwaka 2014, katika mji wa Toledo nchini Marekani, zaidi ya watu 400,000 walikatazwa kunywa maji ya bomba kwa takriban siku tatu, kwa kuwa sumu hiyo ilikuwa imeingia katika maji yaliyotoka Ziwa Erie. Fosforasi iliyolisha viumbe wale ilitoka kwa kiasi kikubwa katika mashamba yaliyo juu ya ziwa. Huo ni mji wenye mitambo na maabara. Mama anayechota kwa ndoo ufukweni hana maabara.

Hivyo basi naomba watendaji walifikishe neno hili katika kila kitongoji: kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na lazima tuendelee kuchemsha, lakini kuchemsha hakuondoi sumu hii. Maji yaliyofunikwa na utando wa kijani, mithili ya rangi iliyomwagika, yasichotwe kwa kunywa wala kupikia, na mifugo isinyweshwe hapo. Kachoteni kisimani au mahali pengine palipo safi, kisha mtoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji au kituo cha afya siku hiyohiyo.

Sijaja kuwakataza mbolea

Mheshimiwa Mwenyekiti, nisieleweke vibaya. Mwaka 2006, huko Abuja, nchi za Afrika zilikubaliana kupandisha matumizi ya mbolea kutoka wastani wa kilo 8 za virutubisho kwa hekta hadi kilo 50. Hatukukubaliana hivyo kwa anasa. Ardhi yetu imechoka. Shamba lenye njaa huota mahindi membamba yasiyofunika ardhi, na ardhi isiyofunikwa ndiyo inayochukuliwa na maji. Mkulima anayetumia mbolea vizuri analilinda ziwa kuliko yule asiyetumia kabisa na kufyeka kichaka kipya kila baada ya miaka mitatu.

Kosa, na hapa najumuisha ofisi yangu, ni kwamba kwa muda mrefu tumehesabu mifuko iliyotoka ghalani bila kuuliza ni kiasi gani cha mbolea kilibaki shambani. Tulimfundisha mkulima kununua, hatukumfundisha vya kutosha kuhifadhi. Ninaomba tuanze hapo.

Kwanza, mbolea ya kupandia ifukiwe. Iwekwe katika shimo, sentimita 5 chini au kando ya mbegu, na itenganishwe na mbegu kwa udongo. Isirushwe juu ya ardhi, na isitiwe siku ambayo wingu zito limekwisha kutanda.

Pili, udongo upimwe kabla ya kununua. Maafisa ugani wataelekeza namna ya kuchukua sampuli. Shamba ambalo limepokea samadi nyingi miaka kadhaa huenda halihitaji fosforasi zaidi, na fedha hiyo ikanunua mbegu bora.

Tatu, samadi isirundikwe kando ya korongo. Ifunikwe kwa majani au turubai, na ichanganywe na udongo mara inapomwagwa shambani. Mifugo inyweshwe kwenye hori, isiingie mtoni. Kwato zake hubomoa kingo na kinyesi chake hubaki majini.

Nne, mabua yasichomwe. Yalazwe kukingama mteremko.

Tano, maji yapunguzwe kasi. Tulime kwa kukingama mteremko, tufunge matuta ili kila mfereji ubaki na maji yake, na penye mwinuko mkali tuchimbe makinga maji ya fanya juu, yaani udongo wa mtaro kutupwa upande wa juu. Jina hilo la Kiswahili, lililopata sifa kwa kazi ya wakulima wa Machakos nchini Kenya, leo limo katika vitabu vya kilimo vya mataifa mengi. Juu ya tuta pandeni majani ya tembo au vetiva: mizizi hushika udongo, nayo majani ya tembo hulisha ng'ombe wa maziwa.

Hata hivyo kinga ya mtu mmoja haitoshi. Mkulima wa chini akichimba makinga maji huku wa juu akiliacha shamba lake wazi, mvua moja itabomoa kazi ya msimu mzima, na mwaka unaofuata hatachimba tena. Kazi hii lazima ianzie juu ya kilima na kuteremka, shamba kwa shamba, kwa makubaliano ya mteremko mzima.

Mita sitini

Sasa nafika kwenye jambo gumu, ambalo nisingependa kulikwepa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zenye kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto. Ukanda huo ukiwa na nyasi na mafunjo, huchuja udongo kabla haujafika majini. Faida yake haina ubishi.

Lakini tuseme ukweli. Mwenye shamba linalopakana na mto kwa urefu wa mita 70, ukanda huo unamchukulia ekari nzima, na mara nyingi ndiyo ekari yenye rutuba na unyevu, anapolima nyanya na mchicha wakati wa kiangazi ili kulipa mahitaji ya shule. Tukimwendea na tangazo la faini pekee, atatusikiliza mchana na kulima usiku.

Historia ya Usukuma imekwisha kutufundisha. Mpango wa maendeleo ulioanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1947 uliwalazimisha wazee wetu kufunga matuta na kupunguza mifugo. Matuta yale yalikuwa elimu njema. Amri ndiyo iliyochukiwa, na mpango ukasambaratika kabla ya Uhuru. Wakati huohuo wazee hao, bila kushurutishwa na yeyote, walikuwa na ngitili zao, malisho wanayoyafunga kwa msimu kwa kauli ya wanakijiji, na zikaheshimiwa. Tofauti haikuwa katika uzito wa kazi. Ilikuwa katika swali la nani aliyeamua.

Ninachoomba kwa Baraza

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba mambo matatu. La kwanza, mikutano mikuu ya vijiji vilivyo kando ya ziwa na mito ijadili mita 60 kama ngitili ya maji: wananchi wenyewe waweke alama za mpaka, na wakubaliane, kwa mwongozo wa Afisa Mazingira, ni nani atakayekata majani ya mifugo humo bila kulima. La pili, wale watakaoachia bustani zao wawe wa kwanza katika orodha za visima vifupi na mipango ya umwagiliaji nje ya ukanda. Tusimwombe mtu aache ekari yake huku mikono yetu ikiwa mitupu. La tatu, kila kata ichague mteremko mmoja msimu huu, kutoka kileleni hadi mtoni, tuukamilishe wote, ili msimu ujao wakulima wa kata jirani waje kuona rangi ya maji yake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu leo ni mfereji mwembamba unaoanzia katika kona ya shamba, ambao mtu mmoja anaweza kuuziba kwa jembe na saa moja ya asubuhi. Tukiuacha, tutakuja kuuziba kwa mitambo ya kusafisha maji, kwa fedha ambazo Halmashauri hii haina.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kuwasilisha.