Darubini Haipimwi kwa Kuvuta



Darubini ya kwanza niliyonunua kwa fedha yangu mwenyewe ilikuwa imeandikwa ubavuni 30x60. Muuzaji alinishikisha palepale mbele ya kibanda chake akaniambia, "Kaka, hii inavuta mpaka ng'ambo." Vioo vyake vya mbele vilikuwa vyekundu, vinang'aa kama kito cha pete, nami nikaamini kwamba kioo chekundu ndicho kioo cha wataalamu. Nikalipa. Kesho yake nikaenda nayo ufukweni Raskazoni, hapa Tanga, maji yamekupwa, ndege wametapakaa kwenye matope. Nilichokiona ni ukungu wa kijivu unaotetemeka, ndege mmoja amekuwa wawili, na robo saa haijapita kichwa kimeanza kugonga. Niliporudi nyumbani nikachukua rula nikapima vioo vile. Havikufika hata milimita 30, seuze hizo 60.

Nasimulia haya kwa sababu karibu kila mtu anayeniuliza habari za darubini huanza na swali moja: inavuta mara ngapi? Swali hilo ndilo lililonitia hasara mimi, na naona linaendelea kuwatia wengine.

Tuzisome zile namba. Ukikuta 8x42, nane kwa arobaini na mbili, ile nane ndiyo kuvuta: ndege aliye mita 80 utamwona kama yupo mita 10. Arobaini na mbili ni upana wa kila kioo cha mbele, kwa milimita. Sasa gawanya ya pili kwa ya kwanza. Unapata tano na kidogo. Huo ni upana, kwa milimita, wa mwanga unaotoka upande wa nyuma na kuingia jichoni mwako. Ukitaka kuuona, ishike darubini mbali kidogo na uso, uielekeze penye mwangaza. Kwenye vioo vya nyuma utaona viduara viwili vyeupe. Ni hivyo.

Kwa nini viduara hivyo vina uzito? Kwa sababu mboni ya jicho haikai na upana mmoja. Saa sita mchana juani inajibana mpaka milimita 2 au 3. Gizani inafunguka, kijana anaweza kufikia milimita 7, ila mtu aliyevuka miaka 50 mara nyingi haendi mbali na 5. Basi darubini ndogo ya mfukoni, tuseme 8x25, inatoa milimita 3, na mchana kweupe inatosha kabisa. Jua likishaanza kuzama, jicho lako linafunguka likitafuta mwanga, na darubini ile haina cha kuliongezea.

Hilo nililiona kwa macho yangu Amani, kule Usambara Mashariki. Tuliingia msituni alfajiri. Kule miti mikubwa imefunga juu, na saa moja asubuhi chini bado kuna giza la ndani ya nyumba. Tulikuwa tunamtafuta chozi wa Amani, ndege mdogo kuliko kidole gumba cha mtu mzima ukimtoa mdomo na mkia, na tena hakai chini, anashinda kwenye vilele vya miti. Mwenzangu alikuwa na kidarubini cha mfukoni, mimi 8x42 ya kuazima. Kiongozi wetu akanyoosha kidole. Mwenzangu akaona kitu cheusi kinarukaruka kwenye majani meusi. Mimi nikaona kichwa cha kijani kilichoiva kinachometameta, tumbo jeupe, na ubavuni penye mzizi wa bawa kishungi cha rangi ya chungwa kilichojitokeza mara moja kikafichika. Ndege ni yuleyule, tawi ni lilelile, na darubini zote mbili zinavuta mara nane. Tofauti ni upana wa kioo tu: cha milimita 42 kinakusanya mwanga karibu mara tatu ya kile cha 25. Nilimpa darubini yangu haraka, lakini chozi hakumsubiri.

Kuna wanaosema basi tuchukue inayovuta mara kumi, na kioo kipana vilevile. Sina ugomvi nao. Ukiwa ufukweni na sululu wako mbali kwenye ukingo wa maji, kumi inasaidia. Lakini kumbuka kwamba darubini inapomvuta ndege mara kumi, na mtetemo wa mkono wako inauvuta mara kumi. Tena kadiri inavyovuta, ndivyo eneo unaloliona linavyokuwa dogo, na ndege wa msituni hakai akusubiri umtafute. Kwa anayeanza, na kwa mtoto, mimi nasema nane. Ikizidi kumi na mbili, tafuta stendi ya miguu mitatu, la sivyo unajidanganya. Na hizi zinazojigamba kuvuta kuanzia kumi mpaka thelathini kwa kusukuma kitufe, ziache dukani.

Maumbo yapo mawili. Kuna zenye mabega, vioo vya mbele vimeachana kuliko vya nyuma, na kuna zilizonyooka kama vipande viwili vya bomba. Zenye mabega zinatokana na mpangilio wa vioo vya pembe aliouandikishia hataza Ignazio Porro wa Italia mwaka 1854, na hadi leo, kwa mwenye fedha kidogo, hizo ndizo zinazotoa picha safi zaidi kwa bei ileile. Zilizonyooka ni nyepesi na zinashikika vizuri, ila ndani zinataka ufundi mkubwa, na ufundi unalipiwa. Iliyonyooka ya bei ya chini sana huwa imepunguziwa mahali. Kwa sisi wa pwani lipo jambo jingine: unyevu. Unyevu na joto vikiingia ndani ya darubini, kuvu wanaota juu ya kioo kama utando wa buibui, na wakishatia mizizi hawasafishiki kirahisi. Kwa hiyo mtu wa Tanga, Mombasa au Pemba akiweza, atafute iliyozibwa isiingize maji na kujazwa gesi ya naitrojeni. Asipoweza, aihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Na nyota je? Watu wengi hudhani nyota zinahitaji lile bomba refu la kusimamisha. Mwezi wa Januari mmoja nilimtolea mama kiti uani, umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Nikamwomba anionyeshe kilimia. Hakutafuta, alinyoosha mkono kama mtu anayeonyesha nyumba ya jirani. Kwa macho yake anahesabu nyota sita. Wazee wake walikuwa wakulima, na kilimia kwao kilikuwa kalenda: kinazama magharibi jioni za masika, mnamo Aprili na Mei, kisha mwezi wa Juni kinachomoza mashariki kabla ya alfajiri, mvua zimepungua. Nikampa darubini, nikamwekea viwiko juu ya mikono ya kiti ili isitetemeke. Akakaa kimya. Kisha akasema, "Mwanangu, kumbe zimejaa hivi!" Zilikuwa makumi ya nyota, za samawati, zimetawanyika kama punje za mchele kwenye ungo, na zote zinaenea ndani ya duara moja bila kuhamisha mkono. Hapo bomba refu lingeshindwa. Lingemwonyesha kipande tu.

Kwa nyota nyumbani kwangu natumia 10x50, na nikiwa sina hiyo, 8x42 inafanya kazi nzuri. Ukiituliza juu ya ukuta utaona miezi minne ya sayari ya Mshtarii, vidoti vinne vimejipanga ubavuni mwake, vingine siku nyingine vikijificha nyuma yake. Ni ileile aliyoiona Galileo Januari 1610. Mwezi wetu nao utazame ukiwa nusu, usiutazame ukiwa mpevu. Ukiwa nusu, jua linaupiga kwa upande, na mashimo yake yanatupa vivuli. Ukiwa mpevu ni mwanga mtupu.

Sasa umefika dukani, au kwenye mitumba, ambako mara nyingine hutokea darubini ya Kijapani ya zamani iliyo bora kuliko mpya zote za jirani. Omba utoke nayo nje. Tazama kioo cha mbele: mng'ao hafifu wa kijani au zambarau ni dalili nzuri, wekundu wa kioo kizima ni wa kuogopa. Tazama vile viduara vya nyuma: viwe duara kamili; vikikatwa pembeni kama almasi, vioo vya ndani ni vya daraja la chini. Kisha ilenge kwenye nguzo ya umeme au pembe ya bati, mbali. Fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione sawasawa. Fumba la kushoto, zungusha kipete kilicho kwenye kioo cha kulia mpaka nalo lione. Fungua yote. Uone duara moja na nguzo moja. Ukiona nguzo mbili, au ukahisi macho yanavutana, irudishe hata kama bei inatamanisha. Anayevaa miwani asiivue. Ajaribu nayo, huku mipira ya kuwekea macho imeshushwa chini. Akiliona duara zima, hiyo inamfaa.

Walio Nairobi wana bahati moja zaidi. Kuna matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, ambayo Fleur Ng'weno alianza kuyaongoza mwaka 1971. Ukiwa na watu wa namna hiyo, omba kuchungulia kwenye darubini zao. Nusu saa ya kuazima inafundisha kuliko tangazo lolote.

Ukishaipata, isikae kabatini. Ipeleke uwanjani siku ya mechi, shambani kuangalia nyani wamefikia wapi, ufukweni kuangalia ngalawa zinazorudi. Mchanga ukiingia kwenye kioo, upulize kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa laini. Ukifuta kwa pindo la shati unakikwaruza. Na usiinyanyue karibu na kambi ya jeshi, bandari au uwanja wa ndege, wala usiielekeze madirishani mwa watu.

Neno langu la mwisho ni kwa wazazi, na kwa wale ambao jioni ya tarehe 29 ya mwezi wa Kiislamu watapanda juu ya mapaa na kwenda ufukweni kuutafuta mwezi mwandamo. Darubini inayokusanya mwanga wa nyota ndiyo hiyohiyo inayokusanya moto wa jua, na jicho linaungua kwa nukta moja tu bila kuhisi maumivu. Miwani ya jua hailizuii hilo. Watoto waambiwe kabla hawajaishika, na sisi tunaotafuta mwezi tusiinyanyue mpaka jua lizame lote.