Mashine Iliyosimama Siyo Iliyozimwa



Mkonge uliletwa kwetu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 iliyotoka Florida, ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo yalienea mashamba ya Pangani, Muheza na Korogwe, na mwaka 1964 nchi yetu ilivuna zaidi ya tani 230,000. Hesabu hiyo ya tani imeandikwa vitabuni. Hesabu ya vidole na mikono iliyobaki viwandani hatukufundishwa shuleni.

Wengi wenu mnaijua korona. Majani hupangwa juu ya mkanda, hubanwa na kuvutwa ndani, kisha mapipa yenye visu butu yazungukayo kwa kasi hukwangua nyama ya jani, maji yakisafisha, na singa hutokea upande wa pili. Mashine hiyo haina macho. Hukwangua kila inacholetewa.

Jani linapokwama, au umeme unapokatika, korona husimama. Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko inapokuwa ikinguruma, maana mtu huona kimya akadhani ni usalama. Huingiza mkono kutoa uchafu. Umeme hurudi, au mwenzake aliye upande wa pili, asiyemwona, hubonyeza swichi. Ndugu zangu, mashine iliyosimama haijazimwa mpaka swichi kuu imekatwa, imefungwa kwa kufuli, na ufunguo umo mfukoni mwa yule yule anayeingiza mkono. Siyo mfukoni mwa mnyapara. Wakiingia mafundi watatu, ziwekwe kufuli tatu. Utaratibu huu hufuatwa hata katika majengo makubwa ya kompyuta, ambako jenereta hujiwasha yenyewe umeme ukikatika, wala haimwulizi fundi kama ametoa mkono wake. Kufuli ni kitu cha bei ndogo. Sioni udhuru wa kiwanda kukikosa.

Yako na mengine: mikanda na magurudumu yafunikwe, na kifuniko kilichotolewa kwa matengenezo kirudishwe kabla ya kuwasha. Kina mama wanaosafisha singa kwenye mashine za brashi wasifunge khanga zenye ncha zinazoning'inia, na wapewe mavazi yanayobana mwili.

Husemwa kwamba aliyeumia alikuwa mzembe, au kwamba ni mapenzi ya Mungu. La kwanza huwa kweli mara chache kuliko lisemwavyo. Tangu enzi za kipande, mtu amelipwa kwa kiasi cha kazi aliyoimaliza. Anayelipwa hivyo hatasimamisha mashine kwa hiari yake. Haraka hiyo imepangwa na mwenye kulipa. Na kuhusu mapenzi ya Mungu, someni Kumbukumbu la Torati 22:8: mwenye kujenga nyumba anaagizwa kuweka ukingo darini, na mtu akianguka pasipo ukingo, damu yake iko juu ya nyumba hiyo. Haikuandikwa kwamba aliyeanguka angetazama vizuri.

Sheria ya nchi nayo inasema hivyo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri wajibu wa kukinga mashine na kuwafundisha wafanyakazi, nayo OSHA hukagua. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda Mfuko wa Fidia, ambao huchangiwa na mwajiri peke yake. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi hata senti. Kwa hiyo anayeomba fidia haombi sadaka.

Lakini madai yana muda wake, na walioumia wengi hukaa nyumbani wakingoja kidonda kipone kwanza. Kiongozi wa jumuiya amtembelee wiki ile ile, aandike naye tarehe, saa, mashine ipi, na majina ya walioshuhudia, kabla kifuniko hakijarudishwa mahali pake kana kwamba hakikuwahi kukosekana.