Moyo Ulionyamaza Haujafa Wote



Mkulima akikuta mti wa kahawa umekauka majani baada ya kiangazi, haung'oi papo hapo. Hukwaruza gome kwa ukucha. Akiona kijani, anauacha. Akiona kahawia hadi ndani, anaenda kutafuta jembe. Daktari wa moyo naye ana ukucha wake.

Mshtuko wa moyo hutokea donge la damu linapoziba mshipa unaolisha msuli wa moyo. Msuli ulionyimwa damu hufa kadiri saa zinavyopita, kwa hiyo maumivu ya kifua si ya kutuliza kwa dawa ya vidonda vya tumbo, jambo tulilolizoea mno. Lakini si kila sehemu iliyoacha kujikunja imekufa. Nyingine inapata damu haba tu, basi imepunguza kazi ili isife. Huo ni msuli uliolala.

Ukucha ulio karibu ni eko, picha ya mawimbi ya sauti. Mgonjwa hulalia ubavu wa kushoto, anapakwa jeli baridi kifuani, kisha dawa ya dobutamini huingizwa mshipani polepole. Kwenye skrini, ukuta wa moyo uliokuwa umetulia tuli ukianza kujikunja, upo hai. MRI, picha ya sumaku, hutumia dawa ya gadolini: baada ya dakika kama 10 kovu hung'aa jeupe, msuli mzima hubaki mweusi. Kovu likipita nusu ya unene wa ukuta, matumaini hupungua. Kipimo cha PET nacho hufuata sukari yenye mnururisho. Msuli hai huila, kovu haliigusi. Mashine ya PET ipo Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ukitoka Nyeri kabla hujafika katikati ya Nairobi, ingawa kazi yake kubwa ni saratani.

Sasa pagumu. Mwaka 2022 utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 700 wenye moyo dhaifu na msuli uliolala ulitoa matokeo. Kundi moja lilizibuliwa mishipa kwa stenti, kijibomba cha kuuacha mshipa wazi, juu ya dawa, jingine likapewa dawa peke yake. Miaka mitatu na zaidi ikapita. Vifo na kulazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kazi vikalingana.

Kwa hiyo kabla hujaitisha harambee ya kulipia kipimo, muulize daktari: "Picha hii ikionyesha msuli hai, matibabu yangu yatabadilika vipi?" Jibu lake liandike nyuma ya kadi ya kliniki.