Taa Iliyoanguka Ukumbini

Jumamosi moja huko Temeke stendi ya taa yangu ilianguka ukumbini, taa ikamuunguza mkono shangazi wa bwana harusi. Kamera nilikuwa nimeikatia bima. Mkono wa shangazi, hapana. Malipo yote ya kazi ile yaliishia kwenye matibabu, na picha nikazitoa bure.

Mwenye gari, hata liwe mkweche, sheria humlazimisha kuwakatia bima watu wengine. Sisi wapiga picha wa kujitegemea hatulazimishwi, basi hatuulizi! Sheria ya 1996 ilimaliza ukiritimba wa Shirika la Bima la Taifa, na makampuni ni mengi. Ulizeni bima ya dhima, mkisoma kwanza kikomo cha fidia, ndipo mtie sahihi.